Lori jipya, shida ileile: Usikubali kuambiwa ‘gari iko sawa’ mara ya nne

Lori ni jipya. Plastiki ya viti bado hujaitoa na harufu ya kiwandani ingalimo. Deni la benki nalo ni jipya. Halafu siku moja unatoka Nakuru na mzigo wa viazi, unaanza kupanda Kinungi, na taa ya injini inawaka manjano. Umekanyaga mafuta hadi mwisho lakini nguvu hakuna. Lori linatambaa, matatu zinakupita zikipiga honi, na utingo anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyelitengeneza.

Unaegesha kando, unazima injini, unangoja dakika tano, unawasha tena. Taa imepotea. Nguvu zimerudi. Unafika Nairobi bila shida na unajiambia pengine ilikuwa mafuta.

Gia ikivunjika, kila mtu anaona imevunjika, inabadilishwa na maisha yanaendelea. Hitilafu inayokuja na kutoweka ndiyo inayomaliza watu. Ukiipeleka gereji haipo, ukirudi barabarani ipo.

Kwa hivyo unalipeleka lori kwa waliokuuzia, kwa kuwa lina waranti. (Waranti hapa si ile askari wanayokuja nayo alfajiri. Ni ahadi ya muuzaji na kiwanda kwamba kitu kikiharibika kwa kosa lao, wao ndio watakaogharamia.) Jamaa wa mapokezi ni mtu wa heshima, anakupa chai na nywila ya waifai. Mafundi wanaliunganisha na kompyuta yao, wanalizungusha Enterprise Road likiwa tupu kwa dakika kumi, wanarudi. “Boss, gari iko sawa. Tumebadilisha sensa moja, na hulipi kitu, uko kwa waranti.” Unaweka saini, unaondoka ukiwa umefurahi.

Siku ya nne, Kinungi, taa ileile. Safari hii wanabadilisha filta ya dizeli. Wiki mbili baadaye wanakaza nyaya. Mwezi unaofuata wanaweka programu mpya kwenye kompyuta ya injini. Kila mara unaambiwa gari iko sawa, na kila mara unaweka saini.

Sasa chukua zile karatasi nne za gereji uzisome kama mtu asiyekujua kabisa. Zinasema nini? Zinasema lori hili lilipata shida ndogo nne tofauti, zote nne zikarekebishwa bure, na mteja akaridhika. Sensa, imekwisha. Filta, imekwisha. Nyaya, zimekwisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilikuwa shida moja tu na kwamba haijawahi kuisha hata siku moja. Hapo ndipo wengi hupoteza vita hivi, mapema kabisa, na hata hawajui wameshapoteza. Ukifika kwa meneja, kwa mwakilishi wa kiwanda au kwa hakimu, karatasi ndiyo itakayozungumza. Uchungu wako utasikilizwa kwa adabu, basi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kuzungumzia sheria, ni kuhakikisha hitilafu moja inaandikwa kama hitilafu moja. Unapopeleka gari, jamaa wa mapokezi hujaza kadi ya kazi, na mara nyingi huandika kile anachodhani kitafanywa: “kagua sensa”, “safisha filta”. Usimruhusu. Mwambie aandike maneno yako, na yawe ni dalili, si dawa. Kwa mfano: “Linapoteza nguvu likipanda mlima na mzigo, taa ya injini inawaka. Hii ni mara ya tatu. Shida ileile ya tarehe fulani na tarehe fulani.” Akikuambia mfumo wao hauna nafasi ya maneno mengi, mwombe kalamu uandike mwenyewe pembeni. Piga picha ya kadi kabla hujaondoka. Na siku ya kuchukua gari, usiweke saini tupu chini ya neno “imerekebishwa”. Andika “nimelipokea kwa majaribio” halafu uweke saini. Ni maneno matatu, lakini yanabadilisha maana ya karatasi nzima.

Ukishatoka hapo, watumie ujumbe siku hiyohiyo. Baruapepe ni bora, WhatsApp pia inafaa: “Kama tulivyozungumza leo, mmebadilisha filta kwa ajili ya lori kukosa nguvu mlimani. Lilikuwa na kilomita 9,100. Nitawajulisha likirudia.” Hujatusi mtu wala kumtisha. Umeweka alama tu.

Saa inakimbia kuliko unavyodhani

Waranti nyingi za magari ya biashara huandikwa kwa miaka na kilomita, na kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Tuseme yako ni miaka 3 au kilomita 100,000. Ukisikia miaka 3 unatulia. Lakini Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Kwenda na kurudi ni 320. Ukifanya hivyo siku sita kwa wiki, umemaliza kilomita 1,920. Gawanya 100,000 kwa 1,920 upate wiki 52. Waranti yako ya miaka mitatu ni ya mwaka mmoja, bro, wakati mkopo wako bado una miaka mitatu au minne mbele.

Na sisemi kwamba gereji hukuzungusha makusudi. Fundi wa waranti mara nyingi hawezi kubadilisha kitu cha bei kubwa bila idhini kutoka juu, kwa hivyo anaanza na kidogo anachoruhusiwa. Lakini kila jaribio likichukua wiki tatu za kungoja na wiki tatu za kujaribu barabarani, kilomita zako zinaliwa. Ndiyo maana ni muhimu uwe na maandishi yanayoonyesha kwamba shida ilianza ukiwa na kilomita 6,400, si 98,000. Hitilafu iliyoripotiwa ndani ya waranti na isiyoisha ni vigumu kuigeuza mpya eti kwa sababu umevuka laki moja.

Turudi kwa ile taa. Kompyuta ya injini ikigundua tatizo huhifadhi namba ya hitilafu, pamoja na picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: mwendo, joto la injini, mzunguko, mzigo wa injini. Mafundi wanajua thamani ya picha hiyo. Namba kama P0087 humaanisha presha ya mafuta kwenye reli iko chini kuliko inavyotakiwa. P0299 humaanisha turbo haisukumi hewa ya kutosha. Ni tofauti kubwa, na zote mbili dereva atazieleza kwa maneno yaleyale: “imekosa nguvu.” Tatizo ni kwamba watu wetu wakiona taa, hukimbilia fundi wa mtaani aizime. Akiifuta namba, mara nyingi ile picha nayo inafutika, na ukifika kwa muuzaji hakuna cha kuona. Usiifute. Na usikubali iwe kitu cha kwanza wanachofanya gerejini kabla ya kukuandikia namba waliyoikuta.

Utashangaa pia kwa nini kila “tiba” hufanya kazi kwa siku tatu nne. Hakuna uchawi hapo. Hitilafu nyingine kompyuta husubiri izione zaidi ya safari moja ndipo iwashe taa, kwa hivyo ikifutwa leo lazima ipite muda kabla ya kurudi. Na kama kiini ni waya uliosuguliwa na chuma cha chasi, fundi akichomoa sensa na kuichomeka mpya, anausogeza waya, unagusana vizuri tena, na kwa siku chache sensa mpya inasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Simu yako ni kifaa tosha. Likianza, mwambie utingo arekodi video: taa kwenye dashi, kilomita, mshale wa mzunguko, sauti ya injini, na aseme kwa mdomo mko wapi, saa ngapi, mna mzigo wa tani ngapi, gia gani. Dereva asishike simu, tafadhali. Video ya sekunde arubaini ina nguvu kuliko maelezo ya nusu saa. Usiifute hata ukishaituma, na ukibadilisha simu, ile ya zamani iweke. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulitoka kwenye kifaa gani. Ukitaka kununua kile kisomaji kidogo cha namba za hitilafu, angalia kwanza. Lori nyingi hutumia umeme wa volti 24, na visomaji vingi vya bei rahisi vilitengenezewa magari madogo ya volti 12.

Kisha omba kitu ambacho wateja wengi hawaombi: majaribio likiwa na mzigo. Lori linalozimia Kinungi na tani nne mgongoni halitazimia Enterprise Road likiwa tupu. Omba fundi apande na kompyuta yake, mpande mlima wote, arekodi. Wakikataa, waulize kwa maandishi kwa nini. Ni ombi la kawaida kabisa.

Lawama zitakuja kwako

Ukifika mara ya nne au ya tano, mazungumzo hugeuka. Sasa si lori tena, ni wewe. Jiandae, kwa sababu lawama zenyewe ni zilezile na baadhi zina ukweli ndani.

Ya kwanza ni tracker. Ukinunua kwa mkopo, benki karibu kila mara itakutaka uweke kifaa cha kufuatilia gari, na wanaokiweka hukata na kuunganisha nyaya chini ya dashi. Kuna pia kidhibiti mwendo, ambacho magari mengi ya biashara hutakiwa yawe nacho kisheria. Ya pili ni bodi. Malori mengi hapa huuzwa yakiwa kichwa na chasi tu, halafu bodi inajengwa kwingine, na huko wanachomelea, wanatoboa, wanasogeza nyaya za taa. Muuzaji akisema “ni watu wa bodi walioharibu”, anaweza kuwa anasema kweli, na anaweza kuwa anatafuta pa kupumulia. Swali la kumuuliza ni moja: waya gani, uko wapi, nionyeshe na unipe kwa maandishi. Kama muuzaji ndiye aliyekuelekeza kwa mjenzi wa bodi, hilo nalo liandike. Na kama bado hujanunua, uliza kabla ya kulipa ni wajenzi na wafunga tracker gani wanaokubaliwa na waranti. Swali hilo ni la bure leo.

Ya tatu ni mzigo kupita kiasi. Hapa mizani inakusaidia. Kama umewahi kupimwa Gilgil au Mlolongo ukapewa karatasi, iweke. Siku utakayoambiwa “nyinyi mnabeba kama punda”, utaitoa. Bila shaka kama kweli unabeba kama punda, karatasi hiyo hutakuwa nayo, na hakuna makala yatakayokuokoa.

Ya nne, ninayoipenda zaidi kwa sababu haina mwenyewe, ni mafuta machafu. Si uongo mtupu. Kuchanganya dizeli na mafuta taa kulikuwa biashara kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida ya uchafu huo ipungue, na EPRA hupima vituo. Lakini “mafuta machafu” si neno la kutupwa hivihivi. Kama wanaamini hivyo, watoe sampuli mbele yako, moja ibaki nao, nyingine uchukue wewe ikiwa imefungwa, na matokeo ya maabara yaje kwa maandishi. Jaza mafuta kituo kimoja kila unapoweza na uweke risiti.

Na usifanye sevisi nje ya ratiba. Najua fundi wako wa Kirinyaga Road ana mikono ya dhahabu na bei yake ni ya kibinadamu. Mwache apumzike hadi waranti iishe. Akifungua injini sasa, amewapa wale wengine sababu yote waliyokuwa wakiitafuta. Ukitaka jicho la mtu wa tatu, tafuta mkaguzi wa kujitegemea ambaye ataangalia na kuandika ripoti bila kufungua bolti hata moja. AA Kenya ni miongoni mwa wanaokagua magari.

Benki haina habari na turbo

Lori likiwa gerejini, mkopo haupumziki. Tuseme unalipa Sh110,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 26. Kila siku ya kazi lori linapokaa kwenye foleni ya gereji, Sh4,230 za mkopo zinatoka mfukoni kwako kabla hujahesabu mshahara wa dereva na mteja aliyehamia kwa mwingine. Hasira itakushawishi uache kulipa “mpaka watengeneze”. Usithubutu. Mkataba wako na benki ni mmoja na wa muuzaji ni mwingine. Ukiacha kulipa, jina lako linaenda CRB, madalali wanakuja, na lori bovu linauzwa kwa bei ya lori bovu. Badala yake nenda mapema kwa ofisa wako wa mikopo na lile faili lako, uombe kupangiwa upya malipo. Benki ina haki juu ya lori hilo na haipendi dhamana yake iwe chuma cha kuegeshwa. Barua moja kutoka kwa benki kwa muuzaji anayeuza magari mengi kupitia benki hiyohiyo huwa na uzito ambao simu zako ishirini hazina. Bima nayo usiihesabu: ya gari kwa kawaida hulipa ajali na wizi, si hitilafu ya kiwandani.

Je, sheria inasema nini? Hatuna sheria mahususi ya magari mabovu kama ile ambayo Wamarekani huiita ya malimau. Afrika Kusini wameandika wazi katika sheria yao ya 2008 kwamba kitu kikirekebishwa na ndani ya miezi 3 kasoro ikarudi au nyingine ikazuka, muuzaji abadilishe au arudishe pesa. Sisi hatujafika hapo. Lakini hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 31, sehemu ya 16, humbebesha muuzaji sharti la ubora na la kufaa kwa kazi uliyomweleza, na haikubagui kwa sababu umenunua kwa biashara. Ndiyo maana ile nukuu ya bei iliyosema “lori la tani nne kwa safari za Nakuru” usiitupe.

Kuna mtego mmoja katika sheria hiyohiyo. Ukikaa na bidhaa muda wa kutosha ukiitumia bila kusema hujaikubali, unaweza kuhesabiwa umeikubali, na hapo haki ya kulirudisha lori inapotea. Unabaki na haki ya kudai fidia tu. Kwa hivyo kama unaona moyoni mwako kwamba hulitaki, sema kwa maandishi mapema, si baada ya kilomita elfu sabini. Fidia yenyewe unaweza kudai mahakamani hadi miaka 6 kwa kesi za mkataba, hata waranti ikiwa imeisha.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60; hiyo inakufaa kwa gharama za kuvutwa na siku ulizopoteza. Kudai bei nzima ya lori utahitaji mahakama ya hakimu na wakili. Malalamishi kuhusu mauzo ya udanganyifu unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK.

Lakini kwa maoni yangu, kesi nyingi za namna hii zinaweza kumalizwa na barua moja nzuri kabla ya mahakama. Ielekeze kwa mkurugenzi wa huduma, nakala kwa benki. Weka jedwali la tarehe, kilomita, ulichosema, walichofanya, siku lori lilizokaa. Halafu omba mambo matatu: mwakilishi wa kiufundi wa kiwanda alione, upewe lori lingine wakati wanalifanyia kazi, na waranti ya sehemu husika iongezwe kwa siku na kilomita zilizopotea. Wape siku 14. Sema baada ya hapo utataka kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Sasa unazungumza lugha ambayo ofisi yao inaielewa.

Na ile hamu ya kupanda X na TikTok? Naielewa. Video ya taa ikiwaka na tarehe zako ni ukweli, na wakati mwingine meneja aliyekuwa “kwa mkutano” hupatikana ndani ya saa moja. Ila ukiwaita wezi au matapeli, umewapa kesi ya kukuharibia jina lao, na sasa ni wewe unayetafuta wakili.

Mambo yakienda vizuri, watakupigia simu uje uchukue lori, hitilafu ya kweli imepatikana, na pengine kuna pesa kidogo za kukupoza. Mezani kutakuwa na fomu. Isome hadi chini. Ukikuta sentensi inayosema huna dai lingine lolote kuhusu gari hili, omba iandikwe upya ihusu siku ulizopoteza peke yake, na kwamba hitilafu ikirudi ndani ya kilomita 10,000 mtaanzia mlipoachia. Wakikataa, usiweke saini siku hiyo. Chukua nakala, chukua funguo, nenda ukapande Kinungi na mzigo kwanza.